Mabawa Mawili, Mtu Mmoja: Historia Fupi ya Kuunganisha Glaida Bila Msaidizi

Leo naomba tuweke kando mambo ya programu na seva, tuzungumze kuhusu ndege. Si zile zinazonguruma pale Embakasi usiku wa manane, la hasha. Nazungumzia glaida, ndege isiyo na injini hata moja. Huvutwa juu kwa winchi au kwa ndege nyingine, kisha huachiliwa, na kuanzia hapo rubani hutafuta hewa ya joto inayopanda na kuzunguka ndani yake kama afanyavyo mwewe. Mchezo huu si mgeni kabisa hapa kwetu: kumekuwa na klabu ya glaida Mweiga, karibu na Nyeri, katikati ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare.

Wengi wakisikia habari hizi huuliza ndege kama hiyo inakaaje hewani. Swali zuri, lakini si la leo. Leo nauliza swali la fundi: nani huiunganisha?

Maana glaida nyingi za watu binafsi hazilali zikiwa nzima. Hulala ndani ya trela ndefu nyembamba, zimevuliwa mabawa na mkia. Asubuhi ya kuruka zinaunganishwa, jioni zinavuliwa tena. Glaida ya kawaida ya mashindano ina upana wa mita 15 toka ncha hadi ncha, kwa hiyo bawa moja lina urefu wa zaidi ya mita 7 na uzito wa kilo 60 hadi 80 hivi. Bawa hilo lazima liingie mahali pake kwa usahihi wa milimita. Ukishika shina lake, nani anashika ncha? Na ukishika ncha, nani anatia pini?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa rahisi: waite wenzako. Historia ninayowaletea ni ya watu waliotaka kulijibu swali hilo wakiwa peke yao, na vifaa walivyobuni njiani. Mwishoni mtaona kwamba kunyanyua uzito lilikuwa tatizo dogo. Tatizo kubwa lilikuwa jingine, na limeua watu.

Mwanzo: bawa linalokunjwa

Tuanze na Otto Lilienthal, mhandisi Mjerumani aliyekuwa na kiwanda cha mashine na boila Berlin. Kuanzia mwaka 1891 hadi 1896 aliruka takriban mara 2000 kutoka vilimani, akining'inia kwa mikono yake katikati ya mabawa. Mwaka 1893 alijipatia hataza ya chombo chake, na mwaka uliofuata akaanza kutengeneza kile alichokiita chombo cha kawaida cha kuelea. Upana wake ulikuwa mita 6.7, uzito wake kilo 20 hivi. Alikiuza kwa wateja kadhaa, akiwemo Percy Pilcher wa Uingereza na mwanasayansi Nikolai Zhukovsky wa Urusi. Yaani hiki ni miongoni mwa vyombo vya kwanza vya kuruka kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa.

Watu humkumbuka Lilienthal kwa umbo la mabawa yake. Mimi napenda jambo jingine: mabawa yale yalikunjika. Fito zilitandazwa kutoka sehemu moja kama vidole vya popo, na ukimaliza kuruka ulizikusanya, kitambaa kikalegea, chombo kikawa kidogo cha kubebeka na kuwekwa ghalani. Hivyo tatizo la kuunganisha lilifikiriwa na mtu wa mwanzo kabisa. Alielewa kwamba chombo kisichosafirika ni chombo kisichotumika.

Lilienthal alianguka tarehe 9 Agosti 1896 katika vilima vya karibu na Stölln, akafariki kesho yake. Waliomfuata walitaka mabawa marefu zaidi na imara zaidi, na mabawa ya namna hiyo hayakunjwi kama mwavuli.

Zama za kikosi

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliibana Ujerumani vikali katika mambo ya ndege zenye injini. Vijana wenye hamu ya kuruka wakageukia ndege zisizo na injini. Mwaka 1920 Oskar Ursinus, mhariri wa jarida la mambo ya urukaji, aliwakusanya kwenye mlima Wasserkuppe, wenye urefu wa mita 950, na mashindano ya kila mwaka yakaanza hapo.

Glaida za wakati ule zilirushwa kwa misuli. Kamba ya mpira ilifungwa puani, watu kadhaa wakaishika kila upande na kukimbia kushuka mteremko, wengine wakashikilia mkia hadi amri itolewe, na mmoja akashika ncha ya bawa isiguse chini. Kama kila mruko unahitaji watu kumi, basi watu wa kuunganisha mabawa wapo tayari! Hakuna aliyeona sababu ya kubuni kifaa cha mtu mmoja. Klabu ndiyo iliyokuwa kifaa.

Tusisahau pia kwamba baada ya mwaka 1933 serikali ya Wanazi iliuteka mchezo huo na kuugeuza kuwa shule ya marubani wake wa baadaye. Glaida ya mafunzo ya SG 38, iliyobuniwa mwaka 1938, ilikuwa na kiti cha wazi na mabawa yaliyoshikiliwa kwa waya, na iliunganishwa na kundi la vijana wakifuata amri.

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililoanza kubadilisha mahitaji. Mwaka 1929 Robert Kronfeld alisafiri kwa glaida zaidi ya kilomita 100. Sasa fikiria: ukiruka kilomita 100 na hewa ikaisha nguvu, unatua wapi? Unatua penye nafasi, katika shamba la mtu, mbali na klabu na wenzako. Hapo ndege inapaswa kuvuliwa mabawa kando ya mazao, kupakiwa kwenye trela na kurudishwa nyumbani, mara nyingi gizani. Watu kumi hawaji. Anakuja mmoja au wawili na gari. Kwa hiyo kila safari ndefu iliongeza umuhimu wa kuunganisha na kuvua kwa haraka kwa watu wachache.

Faibaglasi yabadilisha hesabu

Mwaka 1957 wanafunzi na wahandisi wa Stuttgart walirusha fs 24 Phönix, glaida ya kwanza kujengwa kwa faibaglasi. Mwaka 1964 kampuni ya Glasflügel, iliyoongozwa na Eugen Hänle, ilitoa H-301 Libelle, na baadaye Standard Libelle, ambayo zaidi ya 600 zilitengenezwa. Glaida hizi zilikuwa na uzito usiofika kilo 200 zikiwa tupu.

Jambo muhimu kwa hadithi yetu limo ndani ya kiungo. Katika glaida nyingi za kisasa, kila bawa lina ulimi unaotokeza kwenye shina lake, ambao ni mwisho wa boriti kuu ya bawa. Ulimi wa bawa la kushoto na wa kulia hupita ndani ya kiwiliwili na kukutana, kisha pini kuu moja au mbili huwafunga pamoja. Kwa hiyo bawa hushikana na bawa, na nguvu ya kupinda haipiti kwenye kiwiliwili. Kiwiliwili kinaning'inia tu hapo katikati. Ni ufundi mzuri sana, lakini tazama masharti yake: lazima ndimi mbili, matundu manne na pini vikae kwenye mstari mmoja kwa wakati mmoja. Ncha ya bawa ikishuka kidogo tu, pini haiingii. Hapo ndipo mtu aliye peke yake anapokwama, hata kama ana nguvu za ng'ombe.

Hesabu ya stendi

Basi mafundi wakaanza kutengeneza msaidizi wa chuma. Kwanza ilikuwa stendi ya kawaida, miguu mitatu au minne na kitambaa juu, ya kushikilia ncha. Inasaidia, lakini haisogei. Kisha stendi ikatiwa magurudumu. Halafu ikatiwa jeki ya kupandisha na kushusha. Baadaye ikaongezwa kikalio kinachozunguka, kwa sababu bawa hulala kwenye trela likiwa limesimama kwa ukingo, ilhali linaingia kwenye kiwiliwili likiwa limelala. Kifaa kizuri hulishika bawa kwa mikanda na kuliruhusu ligeuke bila kuondolewa. Siku hizi zipo hata stendi zenye mota za umeme zinazoongozwa kwa rimoti.

Tupige hesabu kidogo, kwani wengi wenu mnapenda namba. Chukua bawa la mita 7.5 lenye kilo 65. Bawa ni nene shinani na jembamba nchani, kwa hiyo kitovu cha uzito kiko karibu na shina. Tuseme kiko mita 3 kutoka shinani.

Ukiweka stendi karibu na ncha, mita 6.5 kutoka shinani, mikono yako itabeba kilo 35. Ni mzigo wa kubeba, lakini si wa kuchezea milimita. Ukisogeza stendi hadi mita 4, unabeba kilo 16 tu. Ukiiweka kwenye mita 3 hasa, hubebi kitu, stendi inabeba kilo zote 65.

Je, kwa nini basi usiweke kwenye mita 3 daima? Kwa sababu bawa litakuwa kama pembea. Upepo mdogo tu utapandisha ncha, shina litakuponyoka, na kifaa cha mamilioni ya shilingi kitakutana na ardhi. Kwa hiyo stendi huwekwa mbele kidogo ya kitovu cha uzito kuelekea ncha, ili shina libaki na uzito kidogo mkononi mwako. Uzito huo mdogo ndio unaokuambia bawa linakwenda wapi. Hii ni kanuni nzuri kwa kifaa chochote: kikubebee mzigo, lakini kikuachie hisia.

Trela nayo ni mashine

Watu huiona trela kama sanduku la kubebea tu. Kumbe katika kuunganisha glaida peke yako, trela ni nusu ya kazi. Zamani trela nyingi zilikuwa masanduku ya mbao yenye mlango wa nyuma, na vitu vilitolewa kwa kuvutwa na kunyanyuliwa. Marekani, Richard Schreder, aliyebuni glaida za bati la alumini zilizouzwa vipande ili mnunuzi ajijengee mwenyewe, alijulikana pia kwa trela zake. Ujerumani zikaja trela za aina ya Cobra na Komet, ambazo paa lake lote hufunguka kwenda juu kama mdomo wa kiboko.

Ndani ya trela kama hizo kiwiliwili hukaa juu ya kigari kinachoteleza kwenye reli, na reli huendelea hadi kwenye mteremko wa nyuma. Unakivuta hadi nje, unapandisha mteremko kwa jeki hadi kiwiliwili kifike kimo kinachofaa, na hapo kinabaki kimesimama wima bila mtu kukishika. Hili ni jambo kubwa. Mtu wa kwanza uliyekuwa unamhitaji, yule wa kushika kiwiliwili kisilale upande, ameondolewa na trela. Stendi yenye magurudumu ikamwondoa wa pili, yule wa ncha. Umebaki wewe na pini.

Aliyeondolewa bila kutambuliwa

Na sasa tufike kwenye lile nililowaahidi.

Bawa likishaingia, ndege bado haijawa tayari. Eleroni, vile vibawa vidogo vya ukingoni vinavyoilaza ndege kushoto na kulia, huongozwa na fimbo ya rubani kupitia vyuma virefu. Breki za hewa vivyo hivyo, na usukani wa mkia wa kupandisha na kushusha pua. Kila bawa likivuliwa, vyuma hivyo hukatwa. Kila likirudishwa, vinapaswa kuungwa upya.

Katika glaida nyingi za zamani kuunga huku kulifanywa kwa mkono, ndani ya kitundu kidogo nyuma ya kiti, gizani, kwa kupapasa. Kiungio kilichoenea zaidi kilikuwa cha L'Hotellier: kitufe cha mviringo huingia kwenye kikombe, na kabari ndogo yenye springi hukifunga. Ni kifaa kizuri, lakini kina tabia moja mbaya. Kinaweza kuonekana kimefunga kumbe hakijafunga. Au rubani anaitwa na mtu katikati ya kazi, anarudi akidhani tayari alishamaliza upande ule. Ndege huvutwa, hupanda, kisha chuma hujichomoa. Ajali za namna hiyo zimetokea katika nchi mbalimbali, na rubani akipoteza usukani wa mkia karibu na ardhi hana muda wa kuruka kwa parashuti. Mamlaka za usafiri wa anga ziliagiza pini au pete ya ziada ya usalama iwekwe kwenye viungio hivyo.

Glasflügel walikuwa miongoni mwa viwanda vilivyoanza mapema kuweka viungio vinavyojishika vyenyewe: unasukuma bawa ndani, na vyuma vya usukani vinakutana bila mkono wa mtu. Baadaye hiyo ikawa desturi katika glaida mpya. Sisi watu wa kompyuta tunaujua uzuri wake. Zamani ukinunua printa ulihangaika nayo siku nzima. Leo unachomeka, inafanya kazi. Tofauti ni kwamba printa ikikataa huanguki kutoka mita 200.

Lakini viungio vya kujishika havipo kwenye kila ndege, na glaida za miaka ya 1960 na 1970 ziliendelea kuruka kwa miongo mingi. Ndiyo maana marubani wana desturi ya ukaguzi wa watu wawili. Mmoja anashika kibawa kwa mkono na kukizuia kwa nguvu kidogo, mwingine ndani anasukuma fimbo. Kama fimbo inagoma, chuma kimeunganika. Kama inakwenda bure huku kibawa kimeshikwa, kuna tatizo. Kutazama tu fimbo inavyocheza hakutoshi, kwa sababu kiungio kilichokaa vibaya kinaweza kusukuma kibawa vizuri kabisa kama hakuna upinzani.

Je, mmeona? Ukaguzi huu unahitaji watu wawili, nasi tumetumia miaka 70 kumfukuza mtu wa pili! Yule jamaa aliyekuwa ameshika ncha ya bawa hakuwa stendi tu. Alikuwa na macho. Ndiye aliyeuliza, "Umeweka ile pini?" Tulipomtengenezea mbadala wa chuma tuliiga mikono yake tukasahau mdomo wake.

Kwa aliye peke yake zipo njia. Wengine hufunga fimbo kwa mikanda ya kiti, kisha wanazunguka nje na kusukuma kila kibawa taratibu. Wengine hutazama kila kiungio kwa tochi na kukivuta kwa kidole, wakifuata orodha iliyoandikwa, na wakikatizwa na simu wanaanza upya toka mwanzo. Lakini hata wenye stendi za bei ghali hufanya vyema kutembea hadi kwa jirani kabla ya kuruka na kumwomba dakika tano. Kuunganisha unaweza peke yako. Kukagua, tafuta mwenzio.

Njia nyingine: punguza ndege yenyewe

Kuna walioona kwamba badala ya kujenga kifaa cha kubebea mabawa mazito, heri kupunguza mabawa. Mwaka 1948 Francis Rogallo na mkewe Gertrude, Wamarekani, walibuni bawa laini la kitambaa, wakapata hataza mwaka 1951. Mwaka 1963 John Dickenson wa Grafton, Australia, alitumia wazo la bawa hilo kutengeneza chombo cha mtu kuning'inia, chenye fremu inayokunjwa. Tukarudi kwa Lilienthal: mtu mmoja, bega moja, mwavuli mmoja. Parashuti za kuelea zinazorushwa juu ya Bonde la Kerio, pale karibu na Iten, ni za ukoo wa karibu na huo, nazo huingia ndani ya mkoba wa mgongoni.

Na nyuzi za kaboni zimeleta kitu cha katikati. Archaeopteryx, iliyotengenezwa Uswisi, ni glaida yenye mabawa magumu lakini uzito wake ukiwa tupu ni kilo 54 hivi. Ndege nzima ina uzito mdogo kuliko bawa moja la glaida ya kawaida.

Ukitaka kuchagua au kujenga

Kwa mwenye glaida anayefikiria kununua stendi au kumpelekea fundi wa kuchomelea mchoro, historia hii inampa maswali ya kuuliza. Magurudumu ni makubwa ya kutosha kupita kwenye nyasi na matope, au ni yale madogo ya sakafu ya duka? Jeki inapanda na kushuka polepole bila kuruka? Kikalio kinageuka, na kina mikanda ya kulishika bawa upepo ukija? Miguu ni mipana kuliko unavyodhani inahitajika? Stendi yenyewe inaingia ndani ya trela? Hakuna teknolojia ya ajabu hapo. Vyuma vya mraba, jeki ya gari, magurudumu ya toroli na kipande cha zulia, fundi yeyote wa Kamukunji angekuelewa upesi. Apime kwanza kitovu cha uzito cha bawa lako, ndipo achome chuma.

Swali la mwisho haliko kwenye mchoro: baada ya kumaliza, nani atashika kibawa wakati wewe unasukuma fimbo? Sisi tunaoandika programu tuna msemo wetu kwamba anayejikagulia kazi yake mwenyewe huona alichokusudia, haoni alichoandika. Wahenga walishalisema kwa ufupi zaidi: kidole kimoja hakivunji chawa.

Haya basi, tukutane wakati mwingine. Na ukipita Mweiga, inua macho.